Uzi: Namna ya kufungua riwaya ya fantasia ili msomaji asiiweke kando

MWANZISHA UZI (Tanga mjini)

Wanajukwaa, habari za kutwa.

Vijana kadhaa wa hapa Tanga wanaoandika riwaya za fantasia, yaani hadithi za dunia za kubuni zenye maajabu, hunipa miswada yao niisome, na kwa kuwa ninayowaambia kuhusu kurasa za mwanzo yamekuwa yaleyale, nimeona ni vyema niyaandike mahali ambapo kila mwenye nia ataweza kuyasoma, kuyapinga au kuyaongezea. Sitazungumzia namna ya kuimaliza riwaya wala namna ya kuiuza. Nitashikilia ukurasa wa kwanza na wa pili, kwa sababu huko ndiko riwaya nyingi nzuri zinakofia mikononi mwa msomaji kabla hazijapata nafasi ya kuonyesha uzuri wake.

Hoja yangu ni hii: riwaya ya fantasia ifunguliwe na mtu mwenye haja, akiwa mbele ya ajabu moja ambayo yeye mwenyewe ameshaizoea. Mtu, haja yake na ajabu hiyo moja vinatosha kumfikisha msomaji ukurasa wa tatu. Historia ya falme, ramani, nasaba za wafalme, majina ya miungu na kanuni za uchawi vyote vina mahali pake, na mahali hapo ni pale msomaji atakapoanza kuviulizia mwenyewe.

Miswada mingi ninayopokea hufuata njia nyingine. Huanza na miaka elfu kadhaa iliyopita, kabla ya vita fulani vikuu, wakati ulimwengu ulipogawanywa kati ya falme saba, na kabla sijafika nusu ya ukurasa nimeshatajiwa wafalme wanne, milima miwili, upanga mmoja wenye jina lake na unabii. Naelewa kwa nini waandishi hufanya hivyo. Wameujenga ulimwengu huo kwa muda mrefu, wanaupenda, na wanaogopa kwamba msomaji akiingizwa ndani bila maelezo atapotea. Lakini msomaji hapotei kwa kutojua. Anaweza kuvumilia kutojua mambo mengi sana maadamu anajua anamfuata nani na mtu huyo anataka nini. Kinachompoteza ni majina kumi yaliyopangwa mbele yake pasipo hata moja lililompa sababu ya kujali.

Wazee wetu waliosimulia usiku barazani walilijua jambo hili bila kulisomea. Msimulizi wa pwani alitamka "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", au alisema "Hadithi, hadithi!" nasi tukamjibu "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Tazameni kilichofanyika hapo. Msimulizi ameomba idhini na amepewa. Wasikilizaji wameuita uwongo kwa sauti zao wenyewe, kwa hiyo baada ya hapo sungura akisema, zimwi likimeza kijiji kizima au mti ukikataa kukatwa, hakuna atakayenyanyua mkono kuuliza imewezekanaje. Mapatano yameshafungwa. Kisha angalieni sentensi inayofuata: hapo zamani za kale palikuwa na mtu na mkewe, nao hawakujaliwa mtoto. Hatukuelezwa mji ulikuwa wapi, nani aliutawala wala ulipakana na nani. Tumepewa watu na tumepewa wanachokikosa, na tayari tumekaa vizuri.

Riwaya iliyochapishwa, au inayosomwa kwenye simu ndani ya daladala, haina wa kuitika "Pakawa". Msomaji yuko peke yake na anaweza kuondoka bila kumuaga mtu. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya fantasia inabebeshwa kazi ambayo msimulizi aliigawana na kadamnasi nzima: imjulishe msomaji kwamba hapa dunia inakwenda kwa kanuni nyingine, na papo hapo impe sababu ya kukubali.

Nitatoa mfano kutoka baharini kwetu, ingawa si wa fantasia. Wengi wenu mnamfahamu silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kuwanasa kwenye majarife, yaani nyavu za papa, yaliyotegwa kina kirefu, na baadaye ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo. Sasa chukulieni kwamba waandishi wawili wanataka kufungua hadithi kwa ajabu hiyo. Wa kwanza anaanza na umri wa ukoo wa silikanti, miaka milioni 400, kisha anasimulia namna mabara yalivyoachana na bahari zilivyobadilika. Kila neno lake ni la kweli, na msomaji ameshahama. Wa pili anaanza alfajiri, mvuvi akiwa amelivuta jarife ambalo lilipaswa kumletea papa. Ndani yake limelala dude zito la buluu lenye mapezi yaliyokaa kama miguu, na mvuvi huyo, ambaye anadaiwa fedha ya mafuta ya injini, anajiuliza iwapo mnyama huyu analiwa na nani atamnunua. Ajabu ni ileile. Tofauti ni kwamba kwa mwandishi wa pili ajabu imegongana na deni la mtu, na mgongano huo ndio mlango wa hadithi. Miaka milioni 400 ikitajwa ukurasa wa kumi, msomaji ataipokea kwa mshangao unaostahili kwa sababu samaki mwenyewe ameshamshika.

Sasa niingie kwenye fantasia yenyewe, kwa ufunguzi nilioutunga ili tuuchambue pamoja (bamvua ni wakati wa maji makuu baharini):

"Kila bamvua, waliokufa maji hupanda ufukoni kudai vyao, nasi huwalipa. Safari hii ilikuwa zamu ya baba, nami ngalawa yake nilikwisha kuiuza."

Ni sentensi mbili tu. Hazikueleza ni nani aliyewapa waliokufa haki ya kudai, mkataba huo uliwekwa lini, wala mji unaitwaje. Hata hivyo msomaji ameshajua kanuni moja ya dunia hii, amejua kwamba wenyeji wake wanaichukulia kama kodi ya kawaida, na amemwona mtu aliyebanwa. Maswali yake ya kwanza yatakuwa juu ya mtu: kwa nini aliiuza ngalawa, baba atafanya nini akifika, je, kuna adhabu? Maswali ya pili ndiyo yatakuwa juu ya ulimwengu: hawa wafu wanatoka wapi, na asiyelipa anapatwa na nini? Mpangilio huo ni muhimu mno. Msomaji akianza kuuliza juu ya mtu, atayatafuta mwenyewe maelezo ya ulimwengu, na kila utakalomweleza atalipokea kama jibu.

Naomba mtazame pia viambishi vilivyotumika, maana Kiswahili kimetupa hapa zana ambayo waandishi wengi wa fantasia hawaitumii ipasavyo. Kiambishi "hu-" husema kwamba jambo ni la mazoea. Ukiandika kwamba wafu hupanda ufukoni, umeshaifanya ajabu kuwa desturi kwa silabi moja tu, na huhitaji aya nzima ya kueleza kwamba watu wa mji huo wameizoea. Kisha "-li-" inaingia na kuikata desturi: safari hii ilikuwa zamu ya baba. Msomaji wa Kiswahili husikia mkato huo hata kama hawezi kuutaja, naye hujua kwamba hadithi imeanza. Baada ya hapo "-ka-" itayasukuma matukio mbele, nikafunga dirisha, nikapuliza taa, nikasikia miguu yenye maji ikipanda ngazi, na hapo hakuna tena nafasi ya hotuba. Kwa uoni wangu, mwandishi anayeijua safari hii ya kutoka "hu-" kwenda "-li-" hadi "-ka-" ameshapata nusu ya ufunguzi wake.

Jambo jingine ni gharama. Uchawi usio na gharama humchosha msomaji tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu mhusika anayeweza yote hana cha kuogopa. Ajabu ya ufunguzi ionyeshe mapema inamgharimu nani na kiasi gani, hata kama ni kwa neno moja. Katika mfano wangu neno hilo ni "huwalipa".

Mengine nitayapita haraka. Ndoto inayomwamsha mhusika mwishoni mwa ukurasa inavunja mapatano, kwani msomaji alikubali ajabu kisha akaambiwa haikuwepo. Vita vinavyopiganwa na watu tusiowafahamu ni kelele tu. Unabii uwekwe mbali na ukurasa wa kwanza. Majina yawe yanatamkika kwa ulimi wa Kiswahili, na wahusika wawili wakuu wasianze na herufi moja.

Lipo pia suala la mandhari, nalo linanigusa kwa dhati. Mtu amezaliwa Ngamiani au Chumbageni hapa Tanga mjini, naye anaandika theluji na ngome za mawe za Ulaya kana kwamba fantasia haiwezi kuishi kwingine. Tunayo mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa, yenye popo wengi na mahali pa mizimu ambapo watu hupeleka sadaka, na wenyeji husimulia kwamba njia yake moja hufika hadi Kilimanjaro. Tunayo magofu ya Tongoni, msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Tuna kusi na kaskazi, pepo ambazo kwa karne nyingi ziliamua nani asafiri na nani asubiri. Simkatazi mtu kuandika theluji. Nasema tu kwamba mwandishi huyajua kwa mkono na kwa pua mambo ya kwao, na ukurasa wa kwanza ndio unaohitaji ujuzi huo kuliko mwingine wowote, maana ajabu huaminika inapoegemea kitu ambacho mwandishi amekishika.

Karibuni tujadiliane.

MCHANGIAJI WA PILI (Muheza)

Kaka, ahsante kwa uzi huu. Nina swali moja. Riwaya yangu inahusu ukoo wa watawala, na bila kueleza ukoo huo ulivyoanza, mgogoro wa sasa hauna maana. Nimeiweka habari hiyo katika sura ya utangulizi ya kurasa sita kabla ya sura ya kwanza. Je, niiondoe?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu wa Muheza, sura ya utangulizi si kosa kwa yenyewe. Ipime hivi: mpe mtu asiyeijua kazi yako sura ya kwanza pekee, usimpe utangulizi, kisha umsikilize. Akielewa na akataka kuendelea, basi kurasa zile sita zilikuwa za kukusaidia wewe mwandishi, zitunze kwenye daftari lako. Akikwama mahali, angalia ni sentensi ngapi zingemkwamua, kwa kawaida ni chache.

Kama ni lazima uanze na chanzo cha ukoo, jifunze kutoka kwa majirani zako wa milimani. Simulizi za Washambaa kuhusu Mbega, mwasisi wa utawala wa Wakilindi, zina mwanzo ambao mwandishi yeyote wa fantasia angeutamani. Mtoto amezaliwa huko Nguu, meno yake ya juu yametangulia kuota kabla ya ya chini. Kwa desturi ya wakati huo mtoto wa namna hiyo ni kigego, ni nuksi kwa ukoo, na haruhusiwi kuishi. Wazazi wake wanamficha. Tazama ni mambo mangapi yamefanyika kwa jino moja: tumeijua sheria ya dunia ile, tumemjua anayehatarishwa nayo, na tumewaona wazazi wawili wakichagua kuivunja. Baadaye ndipo tunamfuata mwindaji huyo wa nguruwe mwitu hadi Usambara, ambako ukarimu wake wa nyama na nguvu zake zilimfikisha kwenye ufalme. Ukoo mzima wa watawala umefunguliwa kinywani mwa mtoto mchanga. Nawe utafute jino la ukoo wako, uanze nalo, na kurasa nyingine tano utaona zinajipunguza.

MCHANGIAJI WA TATU (mwalimu mstaafu, Pangani)

Mwanangu, nimekusoma kwa makini, na mengi uliyosema nayaunga mkono, ila kuna mahali ninasita.

Kwanza, tenzi zetu za kale hazikuwa na haraka hii. Mtunzi alianza kwa kumsifu Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, akaagiza aletewe wino na karatasi, akaeleza nia yake, na beti nyingi zikapita kabla farasi wa kwanza hajapiga kwato. Wasikilizaji hawakuondoka. Pili, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapohapo Tanga, katika riwaya yake ya Kusadikika iliyotoka mwaka 1951 anatupa mapema kabisa mipaka ya nchi aliyoibuni, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Hiyo si ramani? Kama mzee yule aliruhusiwa, kwa nini kijana wa leo akatazwe?

Tatu, nina hofu na neno hili la kumnasa msomaji. Msomaji si samaki. Tukimzoesha kwamba kila kitabu lazima kimshike shati katika mstari wa kwanza, tutapata kizazi kisichoweza kukaa na kitabu kinachofunguka polepole, na vitabu vikubwa vingi hufunguka polepole.

MWANZISHA UZI

Shikamoo mwalimu wangu. Nashukuru umeingia, maana pingamizi hili ndilo nililolitamani.

Kuhusu tenzi, naona dua na wito wa wino vinafanya kazi ileile ya "Paukwa". Mtunzi na wasikilizaji wake walikuwa watu wa imani moja, waliokaa mahali pamoja kwa nia moja, na beti zile za mwanzo zilifunga mapatano kati yao. Nao hawakuambiwa historia. Walimwona mtu mbele yao, mwenye kalamu, mwenye jambo zito la kusema, anayeomba asaidiwe alifikishe. Huyo ni mtu mwenye haja. Mwandishi wa leo hana uhakika kwamba msomaji wake amekaa tayari kumsikiliza, hivyo inambidi ayajenge mapatano hayo kwa maneno yake peke yake.

Kuhusu Kusadikika, nafurahi umeitaja. Mipaka ni kweli ipo, lakini tuitazame ilivyo. Nchi ile iko hewani na imepakana na pepo: huku Kaskazi, huku Kusi, huku Matlai, huku Umande. Yaani mpaka wenyewe ndio ajabu. Msomaji anapofika mpaka wa pili ameshatabasamu, kwa sababu anatambua amepewa nchi isiyoweza kukanyagwa, na tena ameipewa kwa majina ya pepo ambazo kila mtu wa pwani anazijua kwa kuzipokea usoni. Hayo ni maelezo ya mistari michache yanayofanya kazi ya ufunguzi barabara, kisha mwandishi anatupeleka mahakamani, ambako Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria katika nchi ambayo wakubwa wake hawaitaki. Mtu, haja, hatari. Mipaka iliyoandikwa kwa namna hiyo simkatazi kijana yeyote kuiandika. Ninayemkataza ni yule anayeniambia kwamba kaskazini ipo nchi ya Fulani na kusini ipo nchi ya Fulani mwingine, majina matupu yasiyonionyesha kitu.

Kuhusu polepole, hapo nakubaliana nawe kabisa, na nasahihisha kama maneno yangu yalieleweka vingine. Ufunguzi unaweza kuwa wa taratibu mno, mwanamke akisuka ukili kwa kurasa mbili bila tukio lolote kubwa, na ukamshika msomaji, ikiwa tunajua ukili ule anamsukia nani na kwa nini mikono yake inatetemeka. Utaratibu haumfukuzi msomaji. Utupu ndio unaomfukuza. Na fantasia ina deni moja ambalo riwaya nyingine hazina: inamwomba msomaji aamini yasiyowezekana, kwa hiyo inampasa iwahi kumpa mtu wa kumshika mkono.

MCHANGIAJI WA TATU

Marahaba. Ukiligawa jambo hivyo, polepole na utupu, nakuelewa. Lakini uwaeleze na hao vijana, wasije wakadhani kila aya lazima mtu afe.

MCHANGIAJI WA NNE (mwandishi chipukizi, Ngamiani)

Kaka na mwalimu, shikamooni. Naomba niweke aya yangu ya mwanzo hapa, mniambie ukweli.

"Ulimwengu wa Aruvia ulikuwa na falme saba zilizotenganishwa na Bahari ya Moto. Katika enzi ya Mfalme Zarkani wa Tatu, mwana wa Zarkani wa Pili aliyewashinda majitu wa Oromu, ilitabiriwa kwamba atazaliwa binti mwenye alama ya nyota kiganjani. Binti huyo aliitwa Nura na alikuwa na umri wa miaka 17. Nura aliishi na shangazi yake aliyekuwa mkali sana, na kazi yake ilikuwa kuwasha taa ya mnara wa bandari, ambayo mafuta yake yalikuwa ni kumbukumbu za watu."

MWANZISHA UZI

Marahaba dada. Nakupa hongera kwanza, na si kwa adabu tu: sehemu ya mwisho ya sentensi yako ya mwisho ni wazo zuri kuliko mengi niliyoyasoma kwa muda mrefu. Taa ya bandari inayochoma kumbukumbu za watu! Umeizika chini ya falme saba, wafalme wawili, majitu, unabii na shangazi.

Tuipitie mstari kwa mstari. Falme saba hatuzihitaji kwa sasa, kwani Nura hayuko katika falme saba, yuko mnarani. Zarkani wa Tatu na wa Pili hawafanyi lolote katika aya hii, waondoke. Unabii unatuambia tangu mwanzo kwamba Nura ni mteule, na mteule hatumhofii, kwa maana tunajua atafika salama. Uuache uje baadaye, tena afadhali Nura asiupende. Umri wake tutaujua kwa matendo. Ukali wa shangazi umeutaja tu, hatukuuona. Mlete shangazi siku atakapokuwa na la kusema.

Yabaki mnara, taa na kumbukumbu. Hapo jiulize maswali ya mtu mwenye kazi hiyo. Kumbukumbu zinaletwaje mnarani, na nani? Aliyetoa yake huondoka akiwa amepungukiwa na nini? Taa ikizimika, nani anaumia? Halafu utafute usiku mmoja ambao kazi hiyo ya kila siku inakuwa ngumu kwa Nura mwenyewe. Jaribu kwa nafsi ya kwanza, uanze na "hu-".

MCHANGIAJI WA NNE

Nimejaribu, kaka.

"Taa ya mnara hula kumbukumbu moja kila usiku, na kazi ya kuilisha ni yangu. Watu huniletea zile wasizozitaka: harusi iliyovunjika, sauti ya mdai mlangoni, njaa ya mwaka wa ukame. Huzinong'oneza ndani ya chupa, wakafunga kizibo, wakateremka ngazi wakiwa wepesi. Usiku huo wa bahari chafu hakuja mtu. Chupa zote zilikuwa tupu, na jahazi la kaka yangu lilikuwa bado nje ya mwamba. Niliogopa sana na moyo wangu ulijaa huzuni kubwa. Nikaketi mbele ya taa, nikaanza kuchagua ni siku gani ya maisha yangu ninayoweza kuishi bila kuikumbuka."

MCHANGIAJI WA TATU

Binti yangu, huyo Nura nitamsoma hata usiku wa manane. Polepole yako hii naipenda.

MWANZISHA UZI

Dada, umeweza. Ajabu imekaa kwenye "hula", desturi imekaa kwenye "huniletea", na "hakuja mtu" imeikata desturi kwa maneno mawili. "Wakateremka ngazi wakiwa wepesi" ni sentensi ambayo nisingeibadilisha hata herufi, kwa sababu ndani yake yamo manufaa ya kutoa kumbukumbu na hasara yake pia, nawe hukueleza chochote.

Nina mawili ya kurekebishwa. La kwanza, iondoe sentensi ya "Niliogopa sana na moyo wangu ulijaa huzuni kubwa." Chupa ni tupu, kaka yuko nje ya mwamba, bahari imechafuka, hofu tumeshaipata wenyewe, na ukitutajia unatunyang'anya. La pili ni sauti ya mdai mlangoni. Harusi na njaa ni mambo makubwa yanayoeleweka, lakini sauti ya mdai ni ndogo na ya karibu, ndiyo inayonifanya niamini kwamba watu hawa wapo. Iweke mwisho wa orodha, isikike baada ya hizo nyingine.

Kuhusu kumbukumbu atakayoitoa, usituambie katika ukurasa huu. Mwache achague, taa iwake, kaka yake aingie bandarini salama na apande ngazi kumshukuru. Kisha kaka amtajie jambo ambalo ndugu wawili hawawezi kulisahau, naye Nura asijue anazungumzia nini. Hapo ndipo sura yako ya kwanza imalizike. Ukishaiandika, iweke hapa tuisome.